Marehemu Alisema Abaki

Pale kivukoni, upande wa mjini ambako watu wanasubiri pantoni ya Kamanga, ukiita "Daktari!" Evelina hageuki. Ukiita mara ya pili anageuka, na hapo anakuwa ameshatengeneza uso wa kukusikiliza. Huo uso wa mara ya pili ndio watu wanaoujua. Wanasema binti mpole huyo, ana huruma, hana maringo. Ule wa kwanza naujua mimi bibi yake, niliyembeba mgongoni mpaka miguu yake ikagusa chini, na ndio ninaotaka kuwaelezeni.

Najua mtaanza kucheka kabla sijafika mbali. Mimi ndiye niliyewaambia watu wa Pasiansi, mtaani kwetu, kwamba marehemu mume wangu, mzee Shimba, alivutwa na sangara kutoka Kome hadi Musoma akiwa amekaa juu ya sinia la ugali, na alipofika ugali ulikuwa bado wa moto. Ni mimi pia niliyesema kuna kiboko aliyekuwa akija misa ya kwanza, anakaa upande wa wanaume, anaondoka kabla ya sadaka. Darasa sikuliona hata moja, ila uongo niliusoma mpaka mwisho nikafaulu. Kwa hiyo nawaambia mapema: katika habari za Evelina kuna uongo wangu mmoja tu, na tukiufikia nitawaonyesha. Uliobaki humo ni wa watu wengine.

Evelina ni mtoto wa mwanangu Revocatus, fundi wa injini za mitumbwi. Kwa utani wetu mimi namwita mke mwenzangu, yeye ananiita Bibi, na tukigombana ananiita mke mkubwa. Alisomea uani, chini ya vichanja vya dagaa vya mama yake Hellen. Mkono mmoja unafukuza kunguru, mwingine umeshika daftari. Alifaulu mpaka mwalimu wake akaja nyumbani kututazama sisi wenyewe, kama anayetafuta akili hiyo imetokea upande gani. Nikamwambia imetokea kwa yule sangara.

Basi akaomba udaktari, na vyuo viwili vikamtaka: kimoja cha hapahapa Mwanza, kingine cha Mbeya. Alinieleza utaratibu. Ukitakiwa na vyuo viwili unachagua kimoja. Inakuja namba ya siri kwenye simu, unaiandika kwenye chuo unachokitaka, na ukishaiandika kile kingine kimekufa. Siku zenyewe ni chache, zikipita umekosa vyote.

"Bibi, nataka Mbeya," akaniambia. Tulikuwa tunageuza dagaa.

"Mbeya kuna nini?"

"Kuna baridi."

"Hata kwenye friji la soda kuna baridi."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hakuna ndugu yetu hata mmoja, Bibi. Ndiyo sababu."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Mimi niliolewa kijiji kinachopakana na kwetu. Mama yangu akikosa kuni anapaza sauti, mama mkwe akikosa maji anapaza sauti, na wote nawasikia. Nikawa ng'ombe mmoja anayekamuliwa na nyumba mbili. Nikamwambia, "Basi iandike hiyo namba sasa hivi, mke mwenzangu. Tutawaambia ukiwa umeshavaa sweta."

"Siwezi. Baba amesema kikao kwanza."

Kwetu mtoto haendi mahali pa maana wazee hawajakaa na hawajampulizia maji kifuani. Mzee anajaza maji mdomoni, anayapuliza, anasema nenda salama. Padri anajua na hajawahi kutukataza. Aliyeondoka bila maji hayo, hata akivunjika ukucha Dodoma, watu wanasema tulijua.

Kikao kikawa Jumapili. Alikuja Masele, mdogo wake marehemu mume wangu, mfugaji wa ng'ambo kule Sengerema, kavuka na galoni la maziwa mgando. Akaja binti yangu Teodora kutoka Butimba, mwenye saluni, amevaa wigi linalofika kabla yake. Hellen alikuwa jikoni anasonga ugali. Yeye ni mkamwana, na kwenye vikao vya ukoo wetu mkamwana anasikika kwa mwiko tu.

"Hiyo Mbeya ni wapi?" akauliza Masele.

"Mbali, baba mdogo," Revocatus akamjibu. "Kusini huko."

"Akiugua?"

"Babu, nitakuwa nasomea udaktari," Evelina akasema.

"Hata mganga anaugua." Masele akajipangusa maziwa kwenye ndevu. "Mimi nitasema ninachokijua. Sisi wa ng'ambo tukileta mgonjwa mjini tunawekwa benchini kama magunia ya muhogo. Unauliza mlango, unaambiwa kule. Ukifika kule, unaambiwa kulekule ulikotoka. Sasa Mungu katupa mtu wetu, avae koti jeupe, atujue kwa majina. Halafu tumpeleke Mbeya akawatibu Wanyakyusa! Nani anafuga ng'ombe akakamuliwe kwa jirani?"

"Babu, mwanafunzi hatibu mtu. Ni miaka mingi ya kusoma tu."

"Kutibu hutibu. Njia hutatuonyesha?"

"Na hapa atakula nyumbani," Teodora akadakia. "Atalala nyumbani. Mtoto wa kike anaenda kulala kwa watu ana nini? Kaka, wewe hujui ya mabweni."

Revocatus akatazama miguu yake. Huyo mwanangu anaweza kuifungua injini na kuifunga gizani, lakini mbele ya dada yake ulimi wake hauwaki. Nikaona mambo yanaondoka. Ndipo nikautoa uongo wangu.

"Marehemu amenijia," nikasema.

Revocatus akazima redio. Neno la aliyekufa kwetu halikatizwi, hata likiletwa na mtu kama mimi. Nikaanza taratibu, maana uongo ukiukimbiza unajikwaa. Nikasema alikuwa amevaa lile koti lake la mvua lililochanika mfuko wa kushoto. Nikasema alikuwa anakohoa kile kikohozi chake cha kuomba chai. "Akaniambia, mtoto wa Revocatus mpelekeni mbali, kwenye baridi. Msimweke karibu na moshi wa kwetu."

Masele akavua kofia. Jikoni mwiko ukasimama. Nikamwona Evelina anainua uso, unang'aa kama sufuria jipya, na nikasema moyoni, Shimba, leo umefanya kazi kuliko ulipokuwa hai.

Teodora akaweka kikombe chini polepole.

"Kweli, Mama," akasema. "Baba siku hizi anatembea. Hata kwangu Butimba alifika."

"Lini?"

"Alipotoka kwako. Na koti hilohilo, mfuko wa kushoto. Akasema, Teodora, nimetoka kwa mama yako, nimemwambia mtoto aende mbali, lakini njiani nimefikiri tena. Abaki."

Akanitazama machoni. Mimi pia nikamtazama. Huyu nilimzaa mwenyewe nikamnyonyesha, na siku ile niliona maziwa yalikokwenda. Ningesema anadanganya, angeniuliza umejuaje. Ningesema marehemu hakwenda Butimba, wangeniuliza kwani alikuja Pasiansi? Maisha yangu yote sijawahi kushindwa kwa uongo, na siku ile nilishindwa kwa wangu mwenyewe uliovalishwa wigi.

"Neno la mwisho la mzee ndilo neno," akasema Masele, na kwake si utani. Alikuwa na machozi.

"Basi," Revocatus akasema.

Evelina aliandika ile namba mbele yetu wote. Masele akaomba aione, akaishika simu juu chini, akaitikia kwa kichwa, akairudisha. Halafu maji yakaletwa. Masele akampulizia kifuani, Teodora akampulizia, baba yake akampulizia. Mimi nilipopewa kikombe nilijaza mdomo, nikamwangalia mtoto alivyosimama na blauzi imelowa, nikayameza. Hakuna aliyeona. Labda yeye.

Mwaka wa kwanza haujafika katikati, habari zilikuwa zimeshavuka ziwa. "Tuna mtu wetu pale hospitali." Wakaanza kuja. Anakuja mwenye ngiri, mwenye presha, mtoto aliyemeza kitufe, na kila mgonjwa ana wasindikizaji wawili, na kila msindikizaji ana mfuko wa viazi vitamu. Evelina anawapokea kivukoni, anawapeleka hospitali, anapanga foleni ya kadi, anawaonyesha picha zinapigwa wapi. Jioni anawapelekea uji wodini. Wasindikizaji wanalala Pasiansi, chumbani kwake, yeye anahamia kwenye mkeka. Aliomba ahamie hosteli. Teodora akapiga simu kutoka Butimba: "Hosteli ya nini na nyumba ipo? Unatukimbia?"

Kulikuwa na siku alizima simu. Walikuwa wanafundishwa kupasua maiti, na pale simu hairuhusiwi. Siku hiyo Masele alivuka na mkewe, Rose, ambaye alianguka asubuhi akikamua, mdomo ukapinda. Wakashuka kwenye pantoni, wakakaa kwenye benchi la kivukoni. Masele akapiga, haipatikani. Akapiga tena. Bajaji zilikuwa zimepanga mstari mbele yake, madereva wanaita hospitali, hospitali. Masele akawaambia hapana, tunamsubiri mtu wetu, ndiye anayejua mlango. Wakamsubiri. Rose alikata roho palepale benchini, kichwa kikiwa begani kwa mumewe, na Masele anasema aliendelea kumsubiri Evelina hata baada ya hapo, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Mazishi yalikuwa ng'ambo. Masele hakumlaumu mtu. Alimpa Evelina mkono, akamshukuru kwa kuja. Lakini Teodora, wakati watu wanakula, alisema kwa sauti ya kufika uwanja mzima: "Tuna daktari, jamani, ila wa kwetu anazimwa."

Tukirudi na pantoni Evelina aliniambia, "Bibi, wangepanda bajaji tu." Alisema hivyo mara moja, na sijamsikia akisema tena. Tangu siku ile simu yake haijawahi kuzimwa. Akiwa kanisani inawaka, akiwa darasani inatetemeka mfukoni kama kifaranga.

Mwaka wa pili akaanguka somo moja. Wakampa nafasi ya kurudia mtihani, wao wanaita sapu, na wakamwambia ukikosa hapo basi, umekwenda nyumbani. Alijifunza mpaka akawa anataja mifupa akiwa usingizini. Asubuhi ya mtihani nimemchemshia yai, simu ikalia. Masele.

"Mjukuu, shikamoo ya simu haitoshi, utanipa tukionana. Nipo Kamanga, tunapanda sasa hivi. Nina mgonjwa. Hali si nzuri."

"Zima hiyo," nikamwambia.

"Nilizima mara moja, Bibi."

Akapiga hesabu zake. Atawapokea, awapakie kwenye bajaji, na mtihani ataufikia. Akaondoka na kalamu zake kwenye mfuko wa nailoni. Alipofika kivukoni pantoni ilikuwa bado ng'ambo. Kumbe kuna ng'ombe wa mtu walikataa kupanda. Wanavutwa, wanasukumwa, wanakaa chini kama wajumbe. Evelina anaiona kwa mbali, anasema sasa inatoka. Anaangalia saa. Anasema sasa inatoka. Amekaa benchi gani? Lilelile. Ningependa kuwaambia nimelitunga hilo.

Pantoni ikafika. Masele akashuka, na nyuma yake jirani yake, Ngosha, mwanaume wa kubeba gunia kwa mkono mmoja, anatembea kwa miguu yake, shavu limevimba. Jino.

"Babu, ulisema hali si nzuri."

"Hajala tangu juzi!" Masele akasema. "Unamwona mtu mzima anakunywa uji kwa mrija, hiyo ni hali nzuri?"

Ngosha kwa heshima akamsalimia kwa mikono miwili, akamkabidhi kuku. Jike jeupe, amefungwa miguu. Hilo hukatai. Mtu kakuletea kuku wake kavuka naye maji, ukikataa umemtukana yeye na mama yake. Evelina akampokea, akawapakia bajaji, akamwambia dereva mlango, akakimbia.

Alifika kwenye chumba cha mtihani ameshika kuku.

Wenzake walikuwa wanatoka. Msimamizi alikuwa anakusanya karatasi. Mimi sikuwepo, lakini aliniambia mwenyewe, na alinieleza kwa utulivu kama anayesoma habari za redio: yule mwalimu alimwangalia, akamwangalia kuku, akauliza, "Binti, umekuja kufanya nini?" Evelina angemwambia nini? Aanzie wapi? Aanzie kwenye koti la mvua la babu yake?

Huko chuoni kuondolewa wanakuita kudisko. Jina la muziki, nilishangaa. Kuku tulimla Jumapili, nyama yake ngumu mno. Teodora alikula paja, akasema kwa huruma kabisa, "Udaktari jamani si wa kila mtu. Mungu hampi mtu kichwa kisichomtosha." Na ng'ambo walisema vivyo hivyo: alikuwa mtoto mzuri, ila kumbe kichwa kidogo. Walewale aliowapelekea uji. Masele peke yake hakusema. Alimtumia galoni la maziwa.

Baadaye Evelina alisomea kozi fupi ya kuuza dawa, akapata kazi kwenye duka la Aftab, hapo kivukoni. Aftab ni mtu mzuri, baba yake na babu yake waliuza vitambaa mtaa huohuo. Alimwambia, "Wewe dada unajua kuliko duka langu." Na ndugu walifurahi. Sasa hata hawana haja ya kupiga simu. Wanashuka kwenye pantoni, wanaita tu, "Daktari!" Anafunga kabati, anamwomba Aftab ruhusa, anawasindikiza. Mara ya kwanza hageuki, nimeshawaambia.

Nilidhani hapo ndipo maneno yameishia. Kumbe mwaka huu Alexander, mtoto wa Teodora, naye kamaliza kidato cha sita, naye kaomba udaktari. Vikamtaka vyuo viwili. Cha hapa Mwanza, na kilekile cha Mbeya.

Nikasubiri kuitwa kikaoni. Nilishaanza hata kumtafuta marehemu nimuulize atavaa nini. Sikuitwa. Siku moja Teodora akapita na keki, akasema, "Mama, Alex anaondoka Jumamosi kwenda Mbeya. Namba ameshaiandika zamani."

"Na kikao?"

"Mama, mambo ya vyuo siku hizi yana haraka."

"Na chuo cha hapa kina ubaya gani?"

Akashusha sauti, kwa sababu Evelina alikuwa ndani anabadilisha nguo za kazi. "Hapa, Mama, kwa hawa ndugu zetu wa ng'ambo na wagonjwa wao? Mtoto atasoma saa ngapi?"

Aliyasema hayo bila hata kupepesa. Sidhani alikumbuka. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko lile koti la mvua: aliiba neno la marehemu, akalitumia, akalisahau kama mtu anavyosahau mwavuli wa kuazima.

Jumamosi tukakusanyika Butimba. Mabegi yako mlangoni, Alexander amevaa sweta jipya na jasho linamtoka. Aliyefunga mabegi ni Evelina. Aliyemnunulia lile sweta ni Evelina pia. Alikuwa anamwambia, "Vitabu vya mifupa nimekuwekea chini. Nimechora alama pale wanapopenda kuuliza."

"Asante, dada," yule mtoto akasema. Ni mtoto mwema. Yeye hana kosa lolote, na hilo nalo linachosha.

"Tumsubiri Masele?" Revocatus akauliza.

"Atatukuta tumeanza, basi lisije likamwacha mtoto," akasema Teodora. "Mama, anza wewe. Mpulizie mjukuu wako."

Nikapewa kikombe, nikajaza mdomo. Nilikuwa nimepanga. Kabla ya maji nilitaka kusema kwamba marehemu amenijia jana, anauliza ni lini alipita tena Butimba akabadili mawazo. Nilikuwa nayo maneno yote, yamepangwa. Lakini Evelina aliniangalia, akatikisa kichwa kidogo sana, na mdomo ulikuwa umeshajaa maji.

Simu yake ikalia.

"Shikamoo, Babu," akasema, akasikiliza. Sauti ya Masele ilikuwa inasikika mpaka kwangu, maana huyo anazungumza na simu kama anaita ng'ombe. Alikuwa ameshavuka, anakuja kumuaga Alexander. Ila amekuja na mgonjwa. Yuko kwenye benchi.

"Nenda tu, Eve," Teodora akamwambia, akirekebisha kola ya mwanawe. "Si wewe ndiye unayejua njia? Alex atakupigia akifika."

Evelina akamkumbatia Alexander, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakuaga wengine. Yale maji yalikuwa bado mdomoni mwangu, yameshapata moto. Nikageukia geti, nikapuliza kwa nguvu zangu zote kuelekea mgongo wake. Hayakufika. Yaliangukia vumbini, karibu na ndala za mtu.

"Mama," akasema Teodora, "Alexander yuko huku."